Si kila mwanahewa hurusha ndege

Kisa nilicho nacho kimetoka kwetu Chwele, chini ya Mlima Elgon, tena katika boma la dada yangu tuliyezaliwa naye tumbo moja.

Nilifika huko wiki moja kabla ya Krismasi, ikawa ni siku ya soko. Asiyelijua soko la Chwele siku yake hajui msongamano. Viazi na vitunguu vimeteremka kutoka mlimani, ndizi zimepangwa hadi kando ya barabara, kuku wanapiga kelele, na mwenye bodaboda anakupigia honi kana kwamba wewe ndiwe uliyemzuia asitajirike. Nilinunua sukari, mkate na kilo mbili za nyama, nikaelekea kwa dada.

Nilipoingia uani niliona kigingi kitupu. Hapo ndipo alipokuwa akifungwa mtamba wa gredi ambaye dada alimlea tangu akiwa ndama, na ambaye alitarajiwa kuzaa mwezi wa Machi.

"Dada, mtamba yuko wapi?"

"Amekwenda jeshini," akanijibu, na wala hakucheka.

Mpwa wangu, kifungua mimba wake, alitoka nyumbani mbio na bahasha mkononi. "Khocha, nimechukuliwa! Nimechukuliwa wanahewa! Nitarusha ndege!" Khocha, kwa wasiojua, ndiye mjomba, ndugu ya mama, na kwetu mtu huyo hana budi kusikilizwa akisema, kama vile yeye pia hana budi kutoa mfukoni akiombwa. Nikaketi, nikavaa miwani, nikaisoma ile barua.

Ilikuwa na nembo, ilikuwa na muhuri, ilikuwa na sahihi iliyopindapinda kama nyoka. Ilimtaka kijana aripoti moja kwa moja katika kambi ya Moi Air Base, Nairobi, kuanza mafunzo ya urubani. Fauka ya hayo, alitakiwa atoe shilingi 250,000 za "sare na vipimo vya daktari". Shilingi 75,000 zilikuwa zimekwisha kulipwa, na huo ndio mtamba. Zilizosalia zingetoka kwa shamba la miwa, ambalo dada alikuwa ameshakubaliana na jirani alikodishe kwa miaka mitano. Karatasi za makubaliano zingetiwa sahihi Ijumaa, mbele ya mzee wa mtaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

Sikutaka kumvunja kijana moyo mbele ya mamake. Lakini nilipomuuliza alipata gredi gani katika KCSE, naye akanijibu "C, khocha", nilijua kwamba mtamba ameliwa na fisi mwenye tai.

Hebu nieleze nilichokijua, maana huenda kuna mzazi anayesoma ukurasa huu ambaye naye ana kigingi kitupu, au karibu kitakuwa kitupu. Katika jeshi letu la Kenya, rubani ni afisa. Hakuna njia ya mkato. Anayetaka urubani huomba kwanza kuwa kadeti, na matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka alama ya B kamili katika KCSE, pamoja na C+ au zaidi katika Kiingereza, hisabati na somo moja la sayansi. Akichaguliwa hupelekwa chuo cha kijeshi cha Lanet, Nakuru, akafunzwe uaskari kabla hajaiona ndege kwa karibu. Kuruti wa kawaida naye, awe ataishia katika jeshi la nchi kavu, wanamaji au wanahewa, huanzia Moi Barracks, Eldoret. Barua inayomwita kuruti Nairobi akaanze kurusha ndege Jumatatu ni sawa na barua inayomwita bwana harusi kwenye mazishi.

Na la kulipa? Usajili wa jeshi haulipiwi hata senti. Jambo hili hurudiwa katika kila tangazo, na kila mwaka wa usajili kuna vijana wanaofika kwenye lango la Eldoret wakiwa na masanduku yao ya bati na barua za kughushi, wakaishia mikononi mwa polisi. Hebu fikiria. Mtoto ameagwa na kijiji kizima, amechinjiwa jogoo, kisha anarudi na pingu.

Nilimwambia dada haya yote usiku, baada ya chakula. Hakunijibu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Wewe ulikatazwa na baba, ndiyo sababu unamkataza mwanangu."

Maneno hayo yalinichoma, kwa kuwa yana ukweli ndani yake. Mimi pia nilipokuwa kijana nilitaka kuingia wanahewa. Lakini hayo yalikuwa ya baada ya Agosti 1 mwaka wa 1982, na wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa. Asubuhi ya Jumapili hiyo baadhi ya wanahewa walijaribu kuipindua serikali ya Rais Moi. Kiongozi wao, Hezekiah Ochuka, hakuwa jenerali wala rubani, alikuwa askari wa cheo cha chini, na mapinduzi yaliposhindwa siku hiyo hiyo ilimbidi amlazimishe rubani kumpeleka Tanzania kwa ndege ya jeshi. Alirudishwa, akahukumiwa, akanyongwa mwaka wa 1987. Marubani waliolazimishwa kwa mtutu wa bunduki kuruka kutoka Nanyuki ili wakashambulie Nairobi waliishia kuziangusha bomu zao katika msitu wa Mlima Kenya. Jeshi lote la wanahewa lilivunjwa, askari wake wakakamatwa kwa mamia na mamia, na kambi zake zikapewa majina mapya: Eastleigh ikawa Moi Air Base, Nanyuki ikawa Laikipia. Hata lenyewe liliitwa jina jingine, likarudishiwa la kwanza mwaka wa 1994. Marehemu baba aliyasikiliza hayo kwenye redio yake akaapa kwamba hakuna mtoto wake atakayevaa sare ya buluu. Nami nikawa mwandishi.

Mwenzangu niliyeketi naye dawati moja hakukatazwa na mtu. Aliingia mwaka wa 1986, akafanya kazi ya ufundi wa ndege miaka ishirini na miwili, akastaafu akiwa sajini. Sasa yuko Kitale, anatengeneza matrekta ya wakulima wa mahindi. Kesho yake asubuhi nilimchukua dada, nikamchukua mpwa, tukapanda matatu kwenda kwake. Niliona heri kijana akatazwe na mtu mwenye mafuta ya injini kuchani kuliko mtu mwenye kalamu.

Sajini aliisoma barua mara moja, akaikunja, akamrudishia kijana bila neno. Kisha akamuuliza, "Kijana wangu, ndege moja ikiwa angani, unafikiri ni watu wangapi waliofanya kazi ili iwe huko?"

"Wawili, mzee. Rubani na msaidizi wake."

Sajini akacheka hadi akashika tumbo. Akavuta kiti, na kwa muda wa saa mbili nzima alituhesabia. Nami nilikuwa na daftari, kwa hiyo nitawapa kiasi nilichokidaka.

Kwanza, alisema, usidhani fundi wa ndege ni mmoja. Yuko wa injini, na huyo hagusi kitu kingine. Yuko wa bodi, mabawa, magurudumu na mabomba ya mafuta ya breki. Yuko wa umeme, yuko wa saa na mishale ile inayomwonyesha rubani yuko juu kiasi gani na anakwenda kasi gani, na yuko wa redio na rada. Yuko wa silaha, na huyo pia ndiye, katika ndege za kivita, mwenye kukishughulikia kiti kile kinachomrusha rubani nje ndege ikiharibika. Kiti hicho kina baruti chini yake. Fundi akikosea akiwa bandani, kinamrusha yeye kwenye paa.

Yuko pia mtu asiyesifiwa na yeyote, anayekunja miavuli. Kazi yake ni kukunja kitambaa juu ya meza ndefu, kunjo moja baada ya jingine, kisha akaandika jina lake kwenye kadi. Mwavuli usipofunguka, kadi hiyo ndiyo inayotafutwa kwanza. "Mimi sikuweza kazi hiyo," sajini akakiri. "Ningekuwa silali."

Kisha akaja kwa wale wa kuongoza ndege, wanaoketi mnarani wakiwaambia marubani nani atue na nani angoje. Wa rada, ambao hukaa gizani wakitazama vidoa. Wa hali ya hewa. Wazima moto, wanaongoja mwaka mzima jambo ambalo wanaomba lisitokee. Mpakiaji wa ndege za mizigo, ambaye lazima ajue hesabu, maana gunia likiwekwa nyuma sana ndege huinua pua na kuanguka. Wa stoo, ambaye asipoagiza kifaa mapema ndege hulala chini miezi. Madereva, wapishi, wauguzi, makarani. Na wote hao ni wanahewa, wana sare ile ile, mshahara na pensheni.

"Sasa nikuulize," akamgeukia kijana, "jenerali aliyekuwa Mkuu wa Majeshi kuanzia mwaka wa 2011, Julius Karangi, alitoka jeshi gani?"

"Wanahewa, mzee."

"Alikuwa rubani?"

Kijana hakujua. Karangi alisomea kazi ya kuelekeza njia ya ndege, yule anayepiga hesabu za upepo na ramani huku mwingine ameshika usukani, na akawa mwanahewa wa kwanza kufika kile cheo cha juu kabisa. Mimi nikachangia kwamba Meja Jenerali Fatuma Ahmed, aliyeteuliwa mwezi wa Mei 2024 kuwa mwanamke wa kwanza kuliongoza jeshi la wanahewa, aliingia mwaka wa 1983 katika kile kikosi cha wanawake cha zamani, na amepanda vyeo kwa kazi za kuwasimamia askari na mahitaji yao. Wakati anaingia, wanawake waliwekwa katika kikosi chao peke yao, mbali na wenzao. Dada, ambaye mpaka hapo alikuwa ameinamisha kichwa, aliinua uso. "Mwanamke aliteuliwa kuwa mkubwa wa ndege zote?" Ndiyo, nikamwambia. Akatikisa kichwa polepole, nami najua alikuwa akimfikiria binti yake wa pili, aliye kidato cha pili na anayempita kakake katika hisabati.

Lakini dada si mtu wa kushindwa upesi. Akasema, "Na ile helikopta je?" Hakuna aliyeuliza ni ipi. Aprili 18 mwaka wa 2024 Jenerali Francis Ogolla, Mkuu wa Majeshi na aliyekuwa rubani wa ndege za kivita, aliangukia Sindar, Elgeyo Marakwet, muda mfupi tu baada ya helikopta yake kuruka kutoka shule ya upili ya Cheptulel huko Pokot Magharibi. Walikufa watu kumi, kuanzia yeye hadi masajenti, wakapona wawili. Kwa sisi wa upande wa Kitale na Bungoma, hapo si mbali.

Dada ana sababu nyingine ya kuogopa helikopta. Mwaka wa 2008, jeshi lilipopanda Mlima Elgon katika operesheni ya Okoa Maisha kuwasaka wanamgambo wa SLDF, ngurumo za helikopta zilikuwa zikisikika huku kwetu chini. Jamaa waliotoroka mapigano mlimani walikuwa wakihifadhiwa na wenzao, na visa vilivyosimuliwa, vya wanamgambo na hata vya askari, sivyo vya kuandikwa katika jarida linalosomwa mezani na watoto. Dada alikuwa akijifungia ndani. Mwanawe huyu, aliyekuwa mdogo wa kubebwa, alikuwa akimponyoka mgongoni na kukimbilia uani kuzitazama. Mama anakumbuka hofu, mtoto anakumbuka mabawa yanayozunguka. Nani kati yao ana haki? Sijui, nami sikutaka kuwaamulia.

Sajini hakumdanganya. Alimwambia: "Mama, kazi hii inaua. Nimewazika wenzangu. Lakini anayekufa kwa uzembe wa fundi, huyo ndiye aliyekuwa akininyima usingizi, si adui." Hapo ndipo alipotuonyesha ubao wake.

Ubao huo umetundikwa ukutani katika karakana yake. Umepakwa rangi nyeupe, na juu yake pamechorwa kwa rangi nyeusi umbo la kila spana, kila bisibisi, kila koleo. Chombo kikitundikwa kinaifunika picha yake. Kikikosekana, picha inakutazama. Alisema kwamba katika banda la ndege vyombo huhesabiwa kabla ya kazi na baada ya kazi, na kimoja kikikosekana, hata bisibisi ya kidole, ndege hairuki. Haijalishi ni nani anayesubiri ndani yake. Spana iliyosahaulika ndani inaweza kubana waya wa usukani. Nati iliyoanguka kwenye njia ya kurukia inaweza kufyonzwa na injini ikaivunja visu vyake vyote. Ndiyo maana asubuhi utawaona askari wamejipanga safu moja, wanatembea polepole wakiokota vijiwe kama wanawake wanaochagua maharagwe.

Nilimtazama mpwa wangu. Nilimwona ameusogelea ule ubao akaugusa. Nikakumbuka kwamba kijana huyu, tangu darasa la saba, ndiye anayeitwa mashine ya kusaga mahindi ya jirani ikigoma. Pikipiki nusu ya zile za pale njia panda amezifungua yeye. Na hakuna hata mmoja wetu, mimi nikiwa wa kwanza, aliyewahi kuyahusisha hayo na ndege! Sote tulisikia "wanahewa" tukaona miwani ya jua na kofia ya rubani.

Sajini alichukua nyaya kutoka kikapuni, akamwambia azitaje rangi moja moja, akiwa kando ya mlango penye mwanga hafifu. Nyekundu, kijani, kahawia, machungwa. Alizitaja zote. "Vizuri," akasema. "Wengi huangukia hapa. Hawajijui kwamba hawatofautishi kijani na nyekundu mpaka waambiwe na daktari wa jeshi."

Kisha akamwambia habari ya kweli. Jeshi huandika pia mafundi waliokwisha kusoma, wenye vyeti vya ufundi, na matangazo ya karibuni yamewaruhusu hawa hadi umri wa miaka 30, ilhali kuruti wa kawaida hukomea 26. Kwa kijana wa miaka ishirini aliye na C, huo ni muda wa kutosha kwenda chuoni, kurudi, na kujaribu zaidi ya mara moja. Nafasi ni chache, alimwonya, na anaweza kujaribu mara tatu akarudishwa kwa sababu ya jino. Asipochukuliwa jeshini bado atakuwa na cheti chake, na viwanja vya ndege vya kiraia na karakana za Wilson nazo zinataka mafundi, ingawa huko atahitaji masomo zaidi na leseni. Na kama roho yake imeng'ang'ania urubani peke yake, basi aseme wazi, kwa sababu barabara hiyo kwa alama ya C haipiti jeshini, na ya kujilipia katika shule za urubani hugharimu mamilioni ya shilingi. Hakuna shamba la miwa Chwele linaloweza kuifika.

Kijana alinyamaza njia nzima kurudi. Tulipofika Kimilili ndipo aliponiambia, akitazama nje ya dirisha, "Khocha, nimemlia mama mtamba wake." Nilitafuta neno la kumjibu nikalikosa. Nilimnunulia mahindi ya kuchoma.

Ijumaa mzee wa mtaa alikuja na karatasi zake, akanywa chai, akarudi nazo. Jirani alinuna kidogo. Dada na mimi tulikwenda kituo cha polisi tukaandikisha malalamiko, tukapewa nambari. Simu ya yule bwana wa barua, aliyekuwa akipokea hata saa tano za usiku, imezimwa tangu siku hiyo. Shilingi 75,000 hazijarudi, na sitarajii zirudi. Dada bado huijaribu ile nambari kila jioni baada ya kukama ng'ombe mkubwa aliyesalia, kisha anaiweka simu kwenye kabati.

Januari mpwa wangu alianza kozi ya ufundi wa mitambo katika chuo cha Kisiwa, ambacho si mbali na nyumbani. Karo ya muhula wa kwanza nimeitoa mimi, kwa kuwa khocha ni khocha. Wikendi anaendelea na mashine ya kusaga, na ameitengenezea ubao wake, mbao mbili za sanduku alizozipaka rangi ya chokaa na kuchora vyombo kwa makaa.

Jumamosi iliyopita dada alinipigia simu kunishtakia. Akina mama walikuwa wamepanga foleni na mahindi yao tangu saa mbili, mashine imekwisha kutengenezwa, mwenyewe anataka iwashwe, na kijana amekataa katakata. Spana namba 13 haikuwa mahali pake ubaoni. Walimtukana, wakamwita jenerali, mmoja akabeba debe lake akaenda zake kwa mashine nyingine. Spana ilipatikana saa nne kasorobo, chini ya gunia. Ndipo alipowasha.